Mposaji wa Magofuni

Samiha alimaliza juzuu ya kumi bila kukwama hata mara moja, na badala ya kufurahi akakasirika.

Sababu ya hasira yake ilikuwa ndogo na ya aibu, ya kufichwa hata shoga wa chanda na pete. Asipokwama, hasemeshwi. Naye hakutembea juani mwezi wa Ramadhani, koo kavu na tumbo tupu, kutoka kwao mpaka kwenye magofu ya msikiti wa kale wa Tongoni ili aje asome vizuri. Alikuja akitumaini kukosea mahali pamoja au pawili, ili ile sauti imrudishe.

"Mashaallah," ikasema sauti, kutoka upande wa pili wa ukuta wa kibla. "Leo hukunipa kazi."

Hasira yote ikamwisha. Alijitanda vizuri mtandio wake, ingawa aliyesema hakuwa akimwona, au ndivyo alivyopenda kuamini.

"Ungetaka nikosee?"

"Nisingetaka ukosee. Ningetaka kupata sababu ya kusema."

Samiha akaufunga msahafu, akaubusu, akauweka mapajani, kisha akatazama mawe ya ukuta ule kwa macho ambayo si ya kutazamia mawe. Alikuwa na miaka kumi na minane, amemaliza kidato cha nne, anasubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano, na kumi la mwisho la mwezi lingemkuta Tanga mjini kwenye mashindano ya kuhifadhi Qur'ani. Nyumbani hapasomeki. Wadogo zake hawana dogo, na mama yake, Bi Saleha, hulima mwani pamoja na wanawake wenzake, na wakikutana uani kuanika mavuno yao huzungumza mpaka kuku wanahama. Ndiyo maana alianza kukimbilia magofuni baada ya swala ya Alasiri.

Anayehifadhi huhitaji msikilizaji. Msikilizaji hukaa kimya, na msomaji akikwama humpa neno moja tu, si mawili, ili mwenyewe aiokote njia na kuendelea. Siku ya kwanza Samiha hakuwa na msikilizaji. Alisoma, akakwama, akarudia, akakwama pale pale, mara neno likaja, taratibu, kutoka nyuma ya kibla. Akalipokea na kuendelea aya tatu nzima kabla akili haijamrudia kwamba alikuwa peke yake.

Alizunguka ukuta. Hapakuwa na mtu. Mchanga ulikuwa umetulia kama unga ndani ya ungo, hauna hata alama ya kisigino.

Tusimsingizie ushujaa, alikimbia. Alikimbia mpaka kiatu kikamvuka, akasimama kwenye mnazi wa tatu akihema, na hapo ndipo lilipomjia jambo lililomfunga mguu. Lile neno lilikuwa sahihi. Kitu kibaya, alijiuliza, kina haja gani ya kumrudisha mtu kwenye aya yake? Akarudi kuchukua mkoba alioutupa. Kesho yake akarudi tena, na safari hii hakuwa na kisingizio cha mkoba.

Hiyo ilikuwa siku arobaini zilizopita. Sasa alijua kwamba mwenye sauti anaitwa Uweso, kwamba hucheka kwa kuvuta pumzi kwanza, na kwamba humsikiliza mtu mpaka mwisho wa maneno yake, jambo ambalo Samiha hakulizoea kwa mwanamume yeyote kijijini, wa rika lake wala wa rika la baba yake. Alipomuuliza anakaa wapi, alijibu, "Hapa hapa, tangu kuta hizi zina paa." Samiha akacheka kama aliyesikia mzaha, kisha asiulize zaidi. Kuna maswali aliyoyaacha kwa sababu majibu yake alikuwa nayo.

Kitu kimoja tu ndicho walichogombania kila siku.

"Uweso, nimechoka kuzungumza na ukuta."

"Najua."

"Basi toka nikuone."

"Haifai. Tukiwa wawili tu, haifai. Nilikwambia, siku tutakapokuwa watatu."

"Hiyo ni siku gani sasa? Miezi inakwisha!" Sauti ilimpanda, akakumbuka amefunga, akaishusha. "Au una sura mbaya? Niambie tu. Mie si mtu wa kujali sura."

Uweso akavuta pumzi, akacheka. Halafu kicheko kikakatika.

"Ni siku ya leo," akasema. "Baba yako ameshapita kisima. Anakuja na bakora."

Samiha akasimama wima. Alimjua aliyemchongea. Mama Lea, mwenzake mama yake wa shamba la mwani, alipita njia ile juzi na kumkuta akicheka peke yake, akauliza, "Unacheka na nani, mwanangu?" kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujibiwa.

"Niondoke?" Samiha aliuliza. "Au uondoke wewe? Uweso, baba hana mchezo, atakuumiza!"

"Siondoki. Nimekaa arobaini zima nikingoja aje mwenye idhini ya kukaa nasi. Samiha, kumpenda mtu kwa kujificha nyuma ya ukuta ni wizi, hata ukuta ukiwa wa msikiti. Nakupenda. Nataka nimwambie baba yako usoni."

Kabla hajapata la kujibu, akatoka.

Alitoka kwa kuuzunguka ukuta, kwa miguu, kama atokavyo mtu yeyote. Lakini ndege waliokuwa wakilia kwenye mikwaju walinyamaza wote kwa pamoja, na joto la Alasiri likaondoka mahali pale, pakawa na baridi ya alfajiri na harufu ya mchanga ulionyeshewa mvua, ingawa mvua haikuwa imenyesha tangu Januari. Kanzu yake ilikuwa nyeupe. Kofia yake ilishonwa kwa mkono, mshono ambao Samiha hakupata kuuona kichwani mwa mtu. Uso wake ulikuwa wa kijana wa miaka kumi na tisa, mweusi, mzuri kupita kiasi, na macho yake yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyoshikwa kwenye jua. Jua lenyewe lilimpiga ubavuni, na upande wa pili wake hapakuanguka kivuli.

Samiha aliogopa. Haukuwa woga wa siku ile ya kwanza, wa kukimbia mpaka kiatu kikavuka. Huu ulimshika magotini na kumtaka asujudu, si kwa yule aliyesimama mbele yake bali kwa Aliyemuumba kwa moto usio na moshi, akampa ulimi wa kusoma, akamweka karibu na kijiji chake miaka yote hii asijue. Machozi yakamlenga. "Subhanallah," akasema, na midomo ikaendelea kulirudia neno hilo bila kumwomba ruhusa.

Ndipo Uweso alipomtazama. Walitazamana kwa muda wa pumzi mbili tatu, kisha yeye ndiye aliyeinamisha macho kwanza. Kiumbe kile kilichonyamazisha ndege kilikuwa kinamwonea haya binti wa mwalimu Mselem.

"Wewe si mtu," Samiha alisema.

"Si mtu. Nawe umejua tangu siku ya kwanza."

"Tangu siku ya pili. Ya kwanza nilikimbia."

Akavuta pumzi ili acheke, lakini hakuwahi. Bakora ilikuwa imeshaanza kugonga mawe.

Mwalimu Mselem aliingia magofuni kwa ghadhabu ya mtu aliyezuiwa na saumu yake. Alikuwa imamu wa msikiti mdogo wa kijijini na mwalimu wa chuo cha Qur'ani, mtu wa miaka hamsini na mitano, na nusu ya watu wazima wa Tongoni walikwisha kukaa kwenye jamvi lake na kuionja bakora ile ile.

"Yuko wapi?" alinguruma. "Nimefunga, Mola anihifadhi na matusi, lakini huyo kijana nikimtia mkononi leo, futari atakwenda kuila hospitali! Samiha! Mie nakupa ruhusa uje kusoma, wee unakuja kufanya nini?"

"Nilikuwa nasoma, baba."

"Ulikuwa unasoma. Na huyu?"

"Alikuwa ananisikiliza."

Uweso alisogea hatua moja mbele, mikono imekunjwa kifuani. "Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," mwalimu Mselem akajibu, kwa mazoea ya maisha yake yote, na bakora ikabaki hewani. Hapo macho yake yakashuka kwenye miguu ya kijana, kwa sababu kila mtu wa pwani hii, kuanzia Moa mpaka Pangani, hufundishwa utotoni kwamba akiwa na shaka atazame miguu. Ilikuwa miguu ya kawaida ndani ya makubazi mapya. Ila mchanga uliokuwa chini yake haukubonyea.

Mwalimu alimvuta bintiye nyuma yake kwa nguvu, akamficha kwa mgongo, akainua kiganja na kuanza Ayatul Kursiyyu.

Aya hiyo alikuwa ameisoma kila usiku kabla ya kulala kwa miaka hamsini. Aliwasomea watoto wenye homa, wanawake wenye uchungu, nyumba mpya na maiti. Watu walimfuata kutoka vijiji vya mbali ili awasomee, kwa kuwa alipoisoma yeye, hakuna chenye asili ya moto kilichobaki. Alianza kwa sauti ya radi. Kijana hakurudi nyuma. Mwalimu akaongeza sauti. Kijana aliinamisha kichwa, kama anavyofanya mtu anayesikiliza kitu anachokipenda. Na katikati ya aya, kwa hofu ya kumpoteza mwanawe, kwa koo kavu la saumu, mwalimu Mselem akakwama.

Alirudi nyuma maneno manne, akaja, akakwama pale pale. Samiha aliona shingo ya baba yake ikitoka jasho. Aya ambayo watoto wa chuo wa miaka mitano humaliza wakicheza ilikuwa imemponyoka mwenye chuo, mbele ya jini.

Uweso akampa neno.

Neno moja tu. Alilisema kwa upole, chini kwa chini, kama anavyorudishwa imamu na maamuma wake asije akafedheheka mbele za watu. Mwalimu Mselem akalipokea. Aliendelea mpaka mwisho, na kadiri alivyoendelea sauti yake ilibadilika, ikawa si sauti ya kufukuza tena. Alipomaliza, wote wawili wakasema sadaqallahul adhim kwa pamoja. Machozi yalikuwa yakimtoka Uweso na kudondoka kwenye kanzu.

Bakora ilianguka, na hakuna aliyeiokota.

"Hukuungua," mwalimu alisema.

"Siungui kwa maneno ninayoyaamini, mwalimu."

Swali lililomtoka mwalimu Mselem lilikuwa swali la kazi yake. "Nani amekusomesha?"

"Babu yangu. Naye alisomeshwa humu humu, nyuma ya watu wa mji huu, msikiti ukiwa na paa. Wao hawakumwona. Walipoondoka, alibaki."

"Na wewe una miaka mingapi?"

"Mia mbili na sabini. Kwetu ni ujana, kama kumi na tisa kwenu."

"Mia mbili na sabini," mwalimu alirudia. "Nawe umenipa shikamoo. Mie ndiye ningekuamkia."

"Wewe ni baba yake," Uweso alijibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikayumba. "Mwalimu, nimekuja kuposa. Sina mshenga. Wazee wangu wamekataa kunisindikiza. Wanasema nyinyi ni wafupi wa umri, na kwamba nitalia miaka mia nne kwa ajili ya furaha ya miaka hamsini. Nikawaambia nimekubali. Wakasema basi niende mwenyewe. Nimekuja mwenyewe."

Samiha alitoka nyuma ya mgongo wa baba yake. Hajawahi kuposwa na mtu yeyote, na mara nyingi alijilaza akiwazia siku hiyo itakuwaje, nani atavaa nini, wageni watapewa sharubati gani. Hakuwazia kwamba atasimama na kandambili kati ya mawe, akiwa na njaa, na maneno yatamwingia mpaka aone uchungu.

Mwalimu Mselem alikaa juu ya jiwe. Alionekana amechoka ghafla.

"Umewauliza wanazuoni wenu?"

"Nimewauliza."

"Wamesemaje?"

"Kama utakavyosema wewe."

"Na bado umekuja."

"Nimekuja nilisikie kwako, kwa sababu yeye ni wako. Sikutaka nikatazwe na mtu mwingine."

Mwalimu alipangusa uso kwa kiganja. "Kijana wangu, nikikutafutia ila, siioni. Dini unayo. Elimu unayo kuliko mie, nimeiona leo, na imeniuma. Laiti ungekuwa mtoto wa binadamu yeyote, hata asiye na kanzu ya pili, ningekuozesha baada ya Idi. Lakini Mola katuumbia wenza wa jinsi yetu, nanyi wa jinsi yenu. Siwezi kuitikia kwa ulimi huu huu ninaosalishia watu."

"Baba," Samiha alisema. "Mbona mie huniulizi?"

Wanaume wawili wakamgeukia. Baba yake alimtazama usoni, na Samiha akaona kwamba amekwisha kujua jibu lake na linamtisha.

"Mwambie kwanza," mwalimu alimwambia Uweso. "Mwambie akikubali itakuwaje. Usimfiche."

"Sitamficha." Uweso aligeuka upande wa Samiha, macho yake chini. "Ukisema ndiyo, utapita nami nyuma ya ukuta huu. Huko kuna mji, na msikiti wenye paa. Kila siku utamsikia mama yako akikuita, maana atakuita. Utamjibu, wala hatakusikia. Utamwona akizeeka, utakaa karibu ya kitanda chake, na atakufa akidhani alikupoteza. Hayo ndiyo niliyo nayo, Samiha. Mengine yote ni mazuri."

Upepo wa baridi ya alfajiri ulizidi. Samiha alimfikiria mama yake, mikono yake iliyochanika kwa chumvi na kamba za mwani, na namna anavyomwita Samihaa kwa kuivuta ile ya mwisho mpaka nyumba ya tatu. Alimfikiria huku akimtazama Uweso, na kwa aibu yake kubwa, na kwa hofu ya Mola wake, bado alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Alifungua mdomo.

"Usiseme!" Uweso aliinua mkono. "Nakuomba. Nikilisikia kutoka kwako sitaweza kuondoka, na nitakuwa nimekuiba. Libakize. Mimi nimeliona."

"Nitakuona tena?"

"Sijui."

"Na Akhera? Peponi nyinyi mtakuwa pamoja nasi?" Alimgeukia baba yake, amekwisha kulia. "Baba, watakuwa nasi? Sema!"

"Wanazuoni wamehitilafiana, mwanangu," mwalimu Mselem alisema kwa unyonge.

"Basi mimi nitaomba," Uweso alisema. "Umri wangu ni mrefu. Nitaomba sana."

Akamtazama kwa mara ya mwisho, safari hii bila kuinamisha macho, kisha akarudi alikotoka. Samiha alikimbia kuuzunguka ukuta. Palikuwa na mchanga, umetulia, na jua likipiga juu yake. Mikwajuni ndege mmoja akaanza, na wengine wakamfuata.

Walirudi nyumbani. Baba mtu alimbebea mkoba, kazi ambayo hajaifanya tangu Samiha alipokuwa darasa la kwanza, na penye mizizi alisimama kumngoja.

Bi Saleha alikuwa ameshatandika mkeka uani. Uji wa mchele ulikuwa tayari, na muhogo wa nazi, na sahani ya tende. Aliwakagua kuanzia kichwani, akitafuta damu au aibu, na hakuona hata kimoja.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta," mwalimu Mselem alijibu, akikaa. Alichukua tende moja na kuishika mkononi kungoja wakati.

"Mtoto wa nani?"

"Mtoto wa watu. Kasoma, na adabu anazo."

"Alhamdulillahi! Na mie nilivyokuwa nimejipanga kwa mayowe! Anamtaka kwa heri?"

"Kaleta posa. Mwenyewe, kwa kinywa chake."

"Enhe? Nawe umemwambiaje?"

Msikitini adhana ilianza. Kote kijijini watu walipeleka tende na maji vinywani. Mwalimu Mselem aliinua ya kwake, ikafika nusu ya njia, ikasimama.

"Nimemkatalia, Saleha," akasema. Na imamu wa Tongoni, ambaye hajapata kuonekana analia hata alipomzika mama yake mzazi, alilia mbele ya mkewe na watoto wake, mabega yakimtikisika, tende mkononi.

Bi Saleha alimtazama mume, akamtazama binti. Samiha alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Alisogea kwenye mkeka mpaka magoti yake yakagusana na ya baba yake, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili na kuupeleka taratibu kinywani.

"Futuru, baba," alimwambia. "Wakati umeshaingia."